Nyuma ya Mnyama: Hoja juu ya Mafunzo ya Silaha kwa Wanaoanza katika Bonde la Kilombero

Mkazi wa Ifakara anayetaka kumiliki bunduki kihalali huanzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Barua ya mtendaji humpeleka kata, kata humpeleka polisi, na ombi lake hupita mbele ya kamati za ulinzi na usalama kabla leseni haijatoka. Majirani huulizwa habari zake, na sababu zake za kutaka silaha hupimwa. Huo ndio utaratibu tulio nao chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nao unajibu vizuri swali moja: huyu mtu ni nani? Swali la pili, kama mikono yake imezoea silaha na kichwa chake kinajua lini asiitumie, halipewi uzito ule ule. Katika bonde lenye mashamba ya mpunga, viboko, nguruwe pori na ng'ombe wa wafugaji katika nyasi zile zile, swali hilo la pili ndilo linalohusu uhai wa watu zaidi.

Si kwamba jambo hili halijafikiriwa. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, inataka umahiri wa mtu upimwe kabla hajawa mmiliki. Hoja yangu inahusu namna ya kupima. Tukichukua kozi ya bastola inayofundishwa mijini, au ile inayouzwa nchi za nje, na kuihamishia Ifakara kama ilivyo, tutatoa vyeti vingi na kuokoa watu wachache. Kozi ya bonde hili inapaswa kufundisha uamuzi wa kutofyatua kabla ya kufundisha shabaha, na ianze na bunduki ambazo watu wanazo kweli.

Tuanze na mafunzo yaliyopo. Mwananchi wa kawaida wa Kilombero anayewahi kufundishwa silaha hufundishwa na jeshi la mgambo au Jeshi la Kujenga Taifa. Mgambo ilipewa nguvu na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na JKT ilianzishwa mwaka 1963. Vijana wengi wa Ifakara wamepitia moja au zote mbili. Sina ubishi na nidhamu wanayotoka nayo. Ila kijeshi mtu hufyatua kwa amri. Uwanja wa shabaha una tuta nyuma yake, mkufunzi yupo begani, risasi huhesabiwa zinapotolewa na maganda huhesabiwa yanaporudi, kisha silaha inafungiwa ghalani. Mlinzi wa shamba hana hata kimoja kati ya hivyo. Yuko peke yake saa nane za usiku, hakuna wa kumwambia piga wala acha, na asubuhi bunduki inarudi naye kwenye nyumba yenye watoto. Aliyehitimu mgambo anaweza kuwa mlengaji mzuri sana ambaye hajawahi, hata mara moja, kuamua mwenyewe kama risasi itoke au isitoke.

Askari wa wanyamapori wana njia yao. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963, Pasiansi kikafuata, na kituo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo kinawafundisha askari wa vijiji, wakiwemo wa jumuiya za hifadhi kama ILUMA, inayounganisha vijiji vya pande za Ifakara, Lupiro na Mang'ula. Hao wana mahali pa kuanzia. Anayebaki bila mlango ni mkulima mwenye leseni ya shotigani, na mwenye gobore la babu yake.

Kanuni nne za usalama zinazofundishwa karibu dunia nzima zilipewa sura yake ya leo na Mmarekani Jeff Cooper, mwanzilishi wa shule ya Gunsite huko Arizona. Ichukulie kila silaha kuwa imejazwa. Usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga. Ujue unachokipiga, na kilicho nyuma yake. Kozi nyingi humaliza nguvu kwenye tatu za mwanzo, kwa sababu ndizo zinazoonekana uwanjani: mkufunzi anakiona kidole, anauona mtutu. Kanuni ya nne husomwa mara moja na kuachwa, kwa kuwa pale uwanjani tuta limeshaijibu.

Kilombero ni nchi ya kanuni ya nne. Bonde ni tambarare pana la mafuriko kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na upande wa chini kwa kilomita nyingi hakuna kilima cha kukomesha risasi. Risasi ndogo ya .22, ambayo wengi huidhania ya kuchezea, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Ya raifoli ya kuwindia wanyama wakubwa huzipita kilomita tatu. Katika umbali huo wamo wavuvi waliopiga kambi kando ya mto, wamo wafugaji, na wamo walinzi wengine juu ya madungu yao, yaani majukwaa ya kulindia mashamba. Matete yanaficha watu wote hao na hayazuii risasi hata kidogo. Maji ndiyo mabaya zaidi: risasi inayoyagonga kwa pembe ndogo haizami, hudunda na kwenda isikojulikana. Anayepiga kiboko akiwa ndani ya mtumbwi ana uso mpana wa maji mbele yake, na kila mtu aliye ng'ambo yuko nyuma ya mnyama.

Hapo ndipo dungu linapostahili kuingia katika mtaala. Wakulima wa mpunga hulijenga ili waone mbali na wasikanyagwe, lakini lina faida nyingine ambayo sijaona ikitajwa. Mtu aliyekaa mita tatu juu ya ardhi, akimpiga nguruwe aliye mita ishirini mbele, anapiga kwa kushusha. Risasi ikimkosa au ikimpita inaingia udongoni hatua chache nyuma yake. Ardhi yenyewe imekuwa tuta. Mnyama akiwa mita mia moja, pembe imelala, udongo mkavu unaweza kuidundisha risasi, na faida ile imekwisha. Mwanafunzi anaweza kuoneshwa haya mchana kweupe kwa kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya dungu na kuvutwa hadi chini, bila kutumia risasi hata moja. Kisha aoneshwe usiku, kwa tochi, jinsi macho yanavyong'aa. Ng'ombe wanang'aa macho, mbwa pia. Tangu wafugaji walipoingia kwa wingi bondeni, hata baada ya operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa mifugo, macho yanayowaka gizani si ushahidi wa mnyama pori. Mtu, kwa upande wake, hang'ai. Asiyeonekana kwenye mwanga wa tochi ndiye wa kuogopewa zaidi.

Gobore linadai somo lake peke yake. Linajazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, kisha kizibo na vyuma, vyote vikishindiliwa kwa mdeki, na kila anayejaza huinama kwenye njia ile ile ambayo mlipuko utapitia. Halina chemba ya kufungua na kuchungulia. Kulitoa lilichomeza ni kazi, kwa hiyo wengi huliacha limejaa, likaning'inizwa ukutani au kuwekwa darini hadi usiku mwingine. Mgeni akilishika hana njia ya kujua kwa macho. Lakini mdeki unaweza kujibu: ukiingizwa mpaka chini katika mtutu mtupu na kutiwa alama sawa na mdomo, siku nyingine alama hiyo ikibaki juu, gobore limejaa. Gharama yake ni kisu na dakika mbili. Jambo la pili ni mlipuko unaochelewa. Triga imevutwa, fataki imelia, na hakuna kilichotokea. Mwenye nalo hugeuza mtutu kutazama kulikoni, na baruti yenye unyevu, ambayo masika ya Kilombero huizalisha kwa wingi, inawaka sekunde kadhaa baadaye. Dawa ni kubaki umeelekeza mtutu mahali salama, kwa dakika nzima, ukiwa umetulia. Nadhani dakika hiyo ya kusubiri inafaa kuwa zoezi la mtihani, kwa saa mkononi.

Kwa bastola nitakuwa mfupi, kwa kuwa bondeni ni silaha ya wafanyabiashara wachache wenye hofu ya majambazi. Kosa lake kuu linajulikana: mtu anachomoa magazini na kuamini imekwisha, wakati risasi moja imebaki chemba. Mpangilio ni magazini kwanza, kisha kukoki, kisha jicho na kidole ndani ya chemba. Akigeuza mpangilio huo, magazini inajaza tena alichokitoa. Na kwa kuwa mtutu ni mfupi kama kiganja, kugeuka kidogo tu kumwitikia mtu aliyekuita kunatosha kuuelekeza tumboni mwake.

Pingamizi zito dhidi ya haya yote ni la wahifadhi. Bonde hili lilikuwa makao ya sehemu kubwa ya swala aina ya sheshe wote duniani, na limepandishwa kuwa pori la akiba mwaka 2023. Jirani yake, mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi, ulihesabiwa mwaka 2013 na kukutwa na tembo takriban 13,000, ilhali miaka ya 1970 walizidi 100,000. Kwa nini basi tuwanoe wawindaji? Nalichukulia swali hili kwa uzito, lakini jibu liko ndani ya takwimu zenyewe. Waliowamaliza tembo hao hawakukosa shabaha. Walikuwa na silaha nzuri na mikono iliyozoea. Kozi ninayoitetea haimwongezei jangili chochote alichokikosa. Inamfikia mtu ambaye angemjeruhi mwanawe au jirani yake. Tena mkufunzi mwaminifu atasema wazi kwamba kwa tembo gobore ni njia ya kujitafutia kifo, na kwamba uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa pembezoni mwa Udzungwa, unafaa zaidi.

Kikwazo cha pili ni cha kihistoria, na naona hakijapewa uzito unaostahili. Mwaka 1926 afisa wa kikoloni A. G. O. Hodgson alichapisha nchini Uingereza maelezo marefu kuhusu desturi za uwindaji za Wandamba wa bonde hili: mafundi, dawa na miiko yao. Tuziamini dawa hizo au tusiziamini, kulikuwa na fundi juu ya mwanafunzi, na mwenye kuvunja mwiko alijulikana. Utawala wa kikoloni uliweka vibali na Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, mahali pa fundi, bila kuchukua kazi yake ya kufundisha. Kabla ya hapo, Agosti 1905, bunduki za rashasha za boma la Mahenge ziliwafyeka wapiganaji wa Majimaji, na baada ya vita Wajerumani wakakusanya silaha. Kwa vizazi kadhaa, basi, serikali inapouliza habari za bunduki bondeni, watu wamezoea kwamba kinachofuata ni kunyang'anywa. Ndiyo maana kozi iliyotangazwa kituo cha polisi, kwa mwito wa kuja na silaha yako, itapata viti vitupu.

Njia ipo. Mwaka 2022 na tena 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Miezi hiyo mpunga umeshavunwa na barabara zinapitika. Msamaha wa namna hiyo ukirudi, uambatane na mafunzo yanayotolewa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge, yakiendeshwa na askari wa wanyamapori waliopita Likuyu pamoja na mgambo, kwa silaha za mafunzo zisizo na risasi. Anayekuja aje mikono mitupu, na asiulizwe ana nini nyumbani. Anayetaka leseni baadaye aende na cheti, na cheti hicho kipimwe upya kila leseni inapohuishwa.

Mtihani ufanyike usiku, juu ya dungu. Shabaha ziinuliwe moja moja kwenye nyasi: nguruwe wa mbao mwenye udongo nyuma yake, nguruwe yule yule mwenye mtumbwi nyuma yake, macho mawili peke yake, ndama. Mtahiniwa aseme kwa sauti anachokiona kabla hajagusa triga. Aliyempiga nguruwe wa pili katikati ya moyo amefeli, na arudie mwaka unaofuata.