Namna ya Kusuka Hadithi

Hapa Bunia watu wamekwisha kuona mengi, na vijana wengi watamani kuyaandika. Lakini mara nyingi madaftari yao yasema hivi: kisha tukakimbia, kisha nyumba ikaungua, kisha tukarudi. Hayo ni matukio. Bado si hadithi. Basi tuulize: waliotutangulia walisukaje hadithi zao?

Tumtazame kwanza Mkongo, Paul Lomami Tchibamba. Alizaliwa Brazzaville mwaka 1914, akasoma katika seminari ndogo, halafu akaandika katika magazeti ya Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Mwaka 1948 hadithi yake ya Kifaransa, Ngando, yaani Mamba, ilipata zawadi huko Bruxelles.

Mtoto Musolinga aacha shule, aenda mtoni. Kwa sababu yuko mtoni, mamba amkamata. Kwa sababu amekamatwa, baba yake afunga safari kumtafuta katika makao ya mizimu. Safari hiyo ina sharti moja: kunyamaza. Sharti lavunjwa, na safari yote yaharibika. Angalieni: ukiondoa jambo moja tu, yafuatayo yote yaanguka.

Huko Unguja, Muhammed Said Abdulla alishika njia nyingine. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilichapwa mwaka 1960, baada ya kushinda mashindano ya waandishi. Humo maiti yaonekana kwanza, sababu baadaye. Bwana Msa, mpelelezi mwenye akili, arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka aliyefichika ajulikane.

Njia ni mbili, lakini kamba ni moja. Neno "kisha" hupanga matukio tu. Neno "kwa sababu" huyafunga pamoja.

Jambo hili si mchezo wa shuleni. Vita vilivyowaka Ituri tangu mwaka 1999 vimeacha makaburi mengi. Mwandishi asemaye "kisha" tu, awafundisha watoto kwamba mabaya yalishuka kama mvua ya mawe, wala hakuna aliyechagua. Lakini atafutaye sababu huwaonyesha watu wakisimama njia panda: huyu alieneza uongo, yule aliuamini, na mwingine akamficha jirani yake chini ya kitanda. Hapo msomaji ajiuliza: mimi ningefanya nini?

Tena jihadharini. Msitunge sababu nyepesi ya kulaumu kabila zima. Kabila halisimami njia panda. Mtu ndiye asimamaye.

Basi, kijana mwenye daftari, kabla ya kuanza, andika matukio yako kwenye karatasi moja, kila moja na mstari wake. Kati ya mistari tia "kwa sababu". Mahali neno hilo linapokataa kuingia, pana tundu katika mkeka wako. Usilifunike kwa maneno mazuri. Rudi, ukauulize moyo wa mtu yule: alitaka nini, aliogopa nini, naye akachagua nini?