Safu ya Lugha: Mfarishi si blanketi la viraka

Kule soko la Kimironko, Kigali, mafundi wa vitenge hubakiwa na mabaki mazuri, na wapo wanaoyaunganisha kuwa matandiko ya kitanda. Wateja huyaita “blanketi la viraka”. Jina hilo linaidhulumu kazi ya mafundi hao. Kiraka huziba tundu la nguo iliyochanika. Hapa hakuna kilichochanika. Hivyo ni vipande, vimekatwa kwa kipimo na kupangwa kwa rangi. Blanketi nalo ni nguo moja nzito iliyofumwa, haina kitu ndani.

Neno tunalo: mfarishi, wingi wake mifarishi, kutoka Kiarabu farasha, yaani kutandaza. Ni nguo ya juu, pamba katikati na bitana chini, vyote vikashonwa pamoja ili pamba isikimbilie pembeni. Kabla ya cherehani, fundi hupiga bandi, mishono mirefu ya muda ya kuzishika tabaka hizo. Akiiruka, nguo ya juu hujikunja. Usiuchanganye na godoro: hilo hulaliwa, mfarishi waweza pia kujifunika. Katika mtaa wa Nyamirambo, Kigali hiyo hiyo, ambako Kiswahili kina wenyewe, ningependa kuliona neno hili limeandikwa kwenye vibao vya maduka: Tunashona mifarishi.