Alama Nyekundu na Mzizi wa Kosa: Kozi ya Uandishi ya Mwaka wa Kwanza Nchini Marekani

Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwataka waombaji waandike insha fupi ya Kiingereza katika mtihani wa kujiunga. Wengi waliandika vibaya, na mwaka 1885 kozi ya uandishi ikawekwa katika mwaka wa kwanza. Taarifa aliyoipata mwanafunzi ilikuwa alama ya mwalimu pembezoni mwa ukurasa: ilimwambia kwamba amekosea, lakini mara nyingi haikumweleza kwa nini.

Upungufu huo ulidhihirika jijini New York. Mwaka 1969 wanafunzi Weusi na wenye asili ya Puerto Rico walikalia majengo ya City College wakidai nafasi kwa jamii zao. Mwaka uliofuata, chuo kikuu cha jiji, ambacho City College ni sehemu yake, kilimfungulia mlango kila mhitimu wa sekondari jijini humo. Mina Shaughnessy, msimamizi wa kozi za uandishi chuoni hapo, alichunguza insha zipatazo 4,000 za wanafunzi wapya. Katika kitabu chake cha mwaka 1977, Errors and Expectations, alionyesha kwamba makosa hayo yalikuwa na mantiki: mwanafunzi alifuata kanuni alizojiundia, kwa kuwa zile za chuo hakuwahi kufafanuliwa.

Kwa hoja hiyo, mzigo ulimrudia mwalimu: autafute kwanza mzizi wa kosa, kisha amweleze mwanafunzi. Hata hivyo, mwaka 1976, kutokana na msukosuko wa fedha wa jiji, chuo kikuu hicho kilianza kutoza ada. Mlango ulianza kufungwa wakati uleule walimu walipokuwa wakijifunza kuwafundisha walioupitia.