Chikungunya: utambuzi wa vimeng'enya vyake kwa kulinganisha protini

Chikungunya ni ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo unaoenezwa na mbu. Kirusi chake kilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 kutoka kwa wagonjwa wa Uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Protini zake zimechunguzwa kwa njia ileile ambayo mtaalamu Mfaransa Bernard Henrissat aliitumia mwaka 1991 kuvipanga katika familia vimeng'enya vinavyovunja sukari, vikiwemo vya bakteria: kuziweka protini sambamba na kusoma mfuatano wa asidi amino zake.

Mlipuko wa Newala na Masasi

Ugonjwa ulizuka katika wilaya za Newala na Masasi mwaka 1952 na kuendelea hadi 1953. Homa ilipanda ghafla, viungo vikauma kiasi cha mgonjwa kushindwa kunyooka, na mara nyingi vipele vikafuata. Jina la ugonjwa limetoka Kimakonde na linahusu huko kujikunja. Daktari Marion Robinson alieleza dalili, akaona zinakaribiana mno na za dengi. Mtafiti W. H. R. Lumsden alichunguza jinsi ugonjwa ulivyoenea. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1955 na hadi leo ni ya kupigiwa mfano kwa umakini wake.

Lumsden aliyapa maji uzito mkubwa. Juu ya uwanda hakuna mito, na udongo wa kichanga hunywa mvua mara inaponyesha. Maji yaliteremkiwa mabondeni, yakapandishwa kichwani kwa taabu kubwa, kisha yakawekwa ndani ya nyumba kwa siku nyingi. Mbu aina ya Aedes aegypti alizaliana humo humo, hatua chache kutoka kitandani. Kwa hiyo shida ya maji ndiyo iliyomweka mbu karibu na watu, wala si uzembe wa wanakijiji.

Damu na mbu vilipelekwa kwenye taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda. Huko R. W. Ross alivitenga virusi kwa kuwadunga panya wachanga, akachapisha matokeo mwaka 1956. Aina mbili za virusi vya mlipuko huo, Ross na S27, zimehifadhiwa na zinatumika katika maabara nyingi duniani.

Namna ya kulinganisha

Protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20. Minyororo miwili huwekwa sambamba, mapengo huachwa panapobidi, na kila nafasi hupewa alama. Leusini ikiwa imechukua nafasi ya isoleusini, alama hazipungui sana, kwa kuwa hizo mbili zinafanana tabia. Utaratibu wa kihesabu wa kazi hii uliwekwa na Needleman na Wunsch mwaka 1970, Margaret Dayhoff akatoa jedwali maarufu la alama mwaka 1978, na programu ya BLAST ikaja mwaka 1990. Mtafiti hutazama hasa nafasi zisizobadilika hata pale sehemu nyingine za mnyororo zimebadilika sana, kwani mara nyingi hapo ndipo kimeng'enya hufanyia kazi yake. Hata hivyo mfanano hautoshi kuwa ushahidi. Unaonyesha mahali pa kutafuta, na maabara ndiyo inayothibitisha.

Protini ya nsP3

Mfuatano kamili wa S27 ulichapishwa mwaka 2002: nyukleotidi 11,826, zenye maelekezo ya mnyororo wa asidi amino 2,474 wa protini za kuzaliana na mwingine wa 1,248 wa protini za umbo. Wa kwanza hukatwa kuwa protini nne. Kwa kulinganishwa na jamaa zake, nsP1 inajulikana kutengeneza kofia ya RNA, nsP2 kukata protini na kufungua RNA iliyojikunja, na nsP4 kunakili RNA.

Ya tatu, nsP3, iliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1991 Gorbalenya, Koonin na Lai waliona kipande kinachofanana katika virusi vya kundi la chikungunya, vya rubela na vya korona, lakini kazi yake haikujulikana, wakakiita X. Baadaye kipande cha namna hiyo kikaonekana pia katika bakteria, akiwemo Escherichia coli, na katika seli za binadamu. Leo kinaitwa domeni makro. Mwaka 2009 umbo lake katika chikungunya lilionyeshwa kwa fuwele, na mwaka 2017 watafiti wa Marekani walithibitisha kuwa ni kimeng'enya: hukata ADP-ribosi, molekuli yenye sukari ya ribosi ambayo seli huibandika kwenye protini zake, ikiwemo wakati wa kujikinga na virusi. Virusi vilivyoharibiwa sehemu hiyo vilishindwa kuzaliana au vilipungua ukali katika panya. Robo karne ilipita tangu mfanano uonekane hadi kazi yake ithibitishwe katika kirusi hiki.

Nafasi ya 226

Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, Kenya, ambako uchunguzi wa damu ulikadiria kuwa asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa. Ilifika Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya watu waliugua. Virusi vya Réunion vilipolinganishwa na S27, ilionekana kwamba katika E1, mojawapo ya protini za umbo, nafasi ya 226, alanini ilikuwa imegeuka valini kadiri mlipuko ulivyoendelea. Badiliko hilo moja lilikirahisishia kirusi kuishi ndani ya mbu Aedes albopictus, aliyekuwa mwingi kisiwani humo.

Jamaa wa karibu

Jamaa wa karibu kabisa wa kirusi cha chikungunya ni kirusi cha o'nyong-nyong, kilichojulikana Uganda mwaka 1959.

Umuhimu wa sasa

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023; kirusi chake kilidhoofishwa kwa kuondoa sehemu nyingine ya nsP3. Mwalimu wa biolojia wa Masasi au Newala anayefundisha protini ana mfano mkubwa uliotoka kwao, na anastahili kuwaonyesha wanafunzi wake.