Topolojia ya Nasaba za Virusi

Ni njia ya kuchunguza mageuzi ya virusi kwa msaada wa topolojia, yaani tawi la hisabati litazamalo maumbo kwa kuuliza yameungana wapi na yana matundu mangapi, bila kujali urefu wala pembe zake. Ilielezwa mwaka 2013 na Joseph Chan, Gunnar Carlsson na Raúl Rabadán.

Desturi ni kuichora nasaba ya virusi kama shajara, yaani mti wa ukoo, matawi yakizaa vitawi visivyokutana tena, mfano wa mbuyu wa Ugogo, katikati ya Tanzania. Ilhali vipo virusi ambavyo, viwili vya nasaba mbalimbali vikiingia katika seli moja, hubadilishana vipande vya jeni, na kizazi kipya kikawa na wazee wa matawi mawili. Hapo mfano ufaao ni njia za ng'ombe ziupitazo mbuyu huo huku na huku kwenda bwawani: zinaachana, zinakutana mbele, na katikati pamebaki kiwanja kilichozungukwa. Ili kuitafuta pete ya namna hiyo, kila sampuli hufanywa nukta, na masafa baina ya nukta mbili ni idadi ya herufi za jeni zinazohitilafiana. Nukta zilizo karibu huungwa, kipimo cha ukaribu kikiongezwa kidogo kidogo, na pete ichelewayo kuzibika ndiyo inayotiliwa maanani. Katika mafua ya ndege, ambayo virusi vyake vina vipande 8 vya jeni, kipande kimoja kilipotazamwa peke yake pete hazikuonekana. Vyote vilipounganishwa, zikajitokeza nyingi.

Katika nyanda za kati za Tanzania mas'ala haya yanagusa Homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake, vilivyotambuliwa Naivasha mwaka 1931, vina vipande 3. Mvua za mwisho wa 2006 zilipojaza madimbwi ya mbuga, mayai ya mbu yaliyolala katika udongo mkavu yakaanguliwa, mifugo ikatupa mimba zizi kwa zizi, na waliochinja au kushika vijusi kwa mikono mitupu wakaugua: Tanzania iliandika watu 511 walioshukiwa kuugua mwaka 2007, wakafariki 144, na Dodoma ndiko walikokuwa wengi. Kwa vipande 3 tu, kulinganisha shajara ya kila kipande aghalabu kwatosha, na hivyo ndivyo mchanganyiko wa virusi hivi ulivyoonyeshwa mwaka 1999. Pete huleta faida zaidi sampuli zikiwa nyingi na vipande vingi.

Lililo karibu zaidi na mfugaji ni chanjo ya Smithburn, itokanayo na virusi vilivyopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Hiyo ni chanjo hai iliyodhoofishwa, na ng'ombe akidungwa hali amekwisha kuambukizwa, vipande vya chanjo na vya porini huweza kukutana ndani ya mwili mmoja. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kushauriwa mifugo ichanjwe kabla ya mvua, si baada ya ugonjwa kuingia zizini.