Mishumaa Juu ya Gurudumu

Jumapili hizi nne za Majilio makanisa yetu hayana nafasi. Kwaya zafanya mazoezi mpaka usiku, akina mama wanakusanya nguo na unga kwa ajili ya wahitaji, na mlango wa nyumba ya mchungaji haufungwi. Katika shughuli hizo zote ni vyema tujiulize: tunamngoja nani, tena tunamngoja kwa namna gani?

Johann Hinrich Wichern alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1808. Babake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 15. Kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa kwanza, ilimbidi afundishe watoto wa wengine ili asaidie kuwalisha nduguze. Baadaye alisoma theolojia, akarudi kwao, akafundisha Shule ya Jumapili katika mtaa wa maskini wa St. Georg. Alipowatembelea watoto wale nyumbani aliona njaa, ulevi na baridi. Akatambua kwamba kumfundisha mtoto Jumapili na kumrudisha gizani Jumatatu hakutoshi.

Mwaka wa 1833 alihamia nyumba ndogo huko Horn, nje ya mji, iliyoitwa Rauhes Haus. Hakwenda peke yake. Mamake na dadake walikwenda pamoja naye. Wavulana wakapokelewa, na wengine wao walikuwa wamezoea wizi. Hata hivyo nyumba ile haikuzungushiwa ukuta. Kila mtoto aliyefika aliambiwa kwamba mambo yake ya zamani yamesamehewa. Mwaka wa 1835 Wichern alimwoa Amanda Böhme, na kazi ikawa ya wote wawili. Watoto hawakulundikwa pamoja kama askari kambini, bali waliishi katika jamaa ndogo za watoto wapatao 12, kila jamaa na mlezi wake.

Ikawa Majilio ya mwaka wa 1839. Husimuliwa kwamba watoto walikuwa wakiuliza kila siku, "Krismasi ni lini?" Wichern akatwaa gurudumu la mkokoteni, akalitundika katika ukumbi wa sala, akalipanga mishumaa: mikubwa myeupe minne kwa Jumapili, na midogo myekundu kwa siku za katikati. Kila siku wakati wa sala uliwashwa mshumaa mmoja zaidi. Nuru ikaongezeka kidogo kidogo mpaka mkesha wa Krismasi. Binti yake wa kwanza, Caroline, alikuwa na umri wa miaka 3 tu, naye alikulia katika nyumba ile pamoja na watoto waliookotwa mitaani.

Hapo ndipo ilipoanzia taji ya Majilio, ambayo leo makanisa mengi huiwekea mishumaa minne. Na mwaka wa 1848, huko Wittenberg, Wichern aliwasihi viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti wakubali kwamba kanisa linadaiwa matendo ya upendo kama linavyodaiwa mahubiri ya imani.

Ndugu yangu, gurudumu lile halikutundikwa kwanza katika kanisa kuu lenye mapambo. Lilitundikwa mbele ya watoto ambao mji uliwaona kuwa takataka. Hata katika miji yetu wako watoto wanaolala vibarazani. Mtoto wa namna hiyo akisimama mlangoni mwa kanisa Jumapili hii, mzee wa zamu atamfanyia nini? Je, tutamwona mwizi, au tutamwona yule ambaye Bwana alisema habari zake katika Mathayo 25, kwamba lolote atendewalo mdogo huyo ametendewa Yeye mwenyewe?

Kuwasha mshumaa ni rahisi. Kumfungulia mtu mlango kuna gharama. Familia ile ilifanya yote mawili, nasi twaweza kuanza na mtoto mmoja.

Tuombe. Ee Bwana unayekuja, usitukute tukiimba huku milango yetu imefungwa. Tuongezee nuru siku kwa siku. Amina.