Kiti cha Wenye Elimu: Habari ya Uchaguzi wa Mwaka 1830 mjini London

Tukiwataja wenye elimu ya maumbile, wengi wetu twafikiri watu wapole, wakaao peke yao na darubini zao na chupa zao, wasiojali ukubwa hata kidogo. Sivyo. Nao ni wana wa Adamu. Wana vyama vyao, na vyama vina viti, na viti vina watu wanaovitaka. Katika Marekani kuna chama kiitwacho Sigma Xi, kilichoanzishwa mwaka 1886 katika Chuo Kikuu cha Cornell, ambacho huwapa heshima watu waliofanya uchunguzi wa kweli; na hata leo wako wanachama wanaojitokeza waziwazi na kuomba kukiongoza. Je, mtu wa elimu akitaka ukubwa, anatafuta nini? Tena, ni vibaya autafute? Ili tupate kujibu, tutasimulia habari ya chama kilicho kikongwe kuliko hicho, yaani Royal Society ya London, na hasa habari ya uchaguzi mmoja ulioamuliwa kwa kura nane tu.

Chama hicho kilianza tarehe 28 Novemba 1660. Watu wachache walikuwa wamekuja kusikiliza somo la Christopher Wren katika Chuo cha Gresham. Somo lilipokwisha wakakaa pamoja na kupatana kuanzisha chama cha kuchunguza maumbile kwa majaribio. Mfalme Charles II akawapa hati yake mwaka 1662. Neno lao walilichukua katika Kilatini: Nullius in verba, maana yake, usisadiki jambo kwa sababu tu bwana fulani amelisema. Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, walikutana kuwachagua mkubwa wa chama na wazee wa baraza. (Waprotestanti wale wa Uingereza walikuwa wameacha mengi ya Kanisa, lakini sikukuu ya Mtume waliishika kwa ajili ya uchaguzi.)

Mtu wa kwanza kutuonyesha nguvu ya kiti hicho ni Isaac Newton. Alichaguliwa mwaka 1703, baada ya kufa kwa Robert Hooke, aliyekuwa mpinzani wake wa siku nyingi, akakikalia mpaka kufa kwake mwaka 1727. Hakuna anayekana akili ya Newton. Lakini tazama aliyoyafanya mwaka 1712. Yeye na Leibniz, Mjerumani mwenye akili kama yeye, walikuwa wakigombana ni nani aliyevumbua kwanza hesabu ile mpya ya kupima vitu vinavyobadilika kidogo kidogo. Leibniz, naye mwanachama tangu mwaka 1673, akaiandikia Royal Society kulalamika kwamba ameitwa mwizi. Chama kikaweka watu wa kuchungua shauri. Nani aliyewaweka? Newton. Nani aliyewatayarishia maandiko? Newton. Hukumu ikatoka kwa wiki chache, nayo ikampa Newton haki yote; Leibniz hakuitwa kujitetea. Kisha mwaka 1715 ikachapwa katika gazeti la chama makala ya kuisifu ripoti ile, isiyo na jina la mwandishi. Mwandishi alikuwa Newton mwenyewe! Leo wenye kujua historia ya hesabu wasema wote wawili walivumbua, kila mtu kwa njia yake. Neno zuri la Kilatini lilikuwa limeandikwa kwenye ngao ya chama, lakini siku zile halikumsaidia Leibniz hata kidogo. Basi, asituambie mtu kwamba kiti cha wenye elimu ni pambo tu. Anayekikalia anaweza kuamua nani atasikilizwa na nani hatasikilizwa.

Baada ya miaka mingi akaja Joseph Banks, tajiri mwenye mashamba na mpenzi wa mimea, aliyesafiri na Kapteni Cook kuizunguka dunia. Yeye alitawala tangu mwaka 1778 hata kufa kwake mwaka 1820, miaka arobaini na zaidi. Watu wa hesabu walinung'unika kwamba anawapendelea mabwana wenye vyeo na bustani zao, wakajaribu kumpinga mwaka 1784, wakashindwa. Hatutakaa sana kwake.

Akafuata Humphry Davy. Huyu hakuwa mwana wa bwana mkubwa. Baba yake alikuwa mchonga mbao huko Penzance, naye Davy alianza kama kijana wa kujifunza kazi kwa mtu wa dawa. Ndiye aliyetengeneza mwaka 1815 taa ya wachimba makaa ya mawe, taa isiyowasha gesi ya shimoni, na watu wa migodi popote duniani wana deni kwake. Ungefikiri mtu kama huyo, aliyepanda kutoka chini, angewashika mkono wengine wanaopanda. Lakini Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyekuwa msaidizi wake mwenyewe, alipopendekezwa kuwa mwanachama, Davy alimtaka aondoe jina lake. Faraday akachaguliwa hata hivyo, mwezi wa Januari 1824, na ndani ya sanduku la kura ilionekana mpira mmoja tu mweusi wa kumkataa. Nani aliyeutia? Kura ilikuwa ya siri, nasi hatutamshitaki mtu. Tunasema tu kwamba ukubwa ulikuwa umemfundisha Davy kuwaogopa watu waliofanana naye.

Sasa tufike mwaka 1830. Chama kilikuwa na wanachama zaidi ya 600, na wengi wao hawajaandika hata ukurasa mmoja katika gazeti la chama. Walikuwa mabwana, maaskofu wa Kianglikana, maofisa wa jeshi, watu wa heshima waliopenda kuweka herufi za chama nyuma ya jina lao. Charles Babbage, mtu wa hesabu ambaye leo twamjua kwa mashine zake za kuhesabu, akatoa kitabu mwaka ule ule, cha kulia juu ya kuporomoka kwa elimu katika Uingereza. Kilikuwa kitabu kikali. Kilitaja watu na matendo yao, kikauliza, ni chama gani cha elimu hiki ambacho wasiochunguza kitu ndio wengi?

Mkubwa wa wakati ule, Davies Gilbert, alitaka kujiuzulu. Badala ya kuwauliza wanachama, akapatana pembeni na Duke wa Sussex, Augustus Frederick, mwana wa Mfalme George III na ndugu ya mfalme aliyekuwa ameanza kutawala mwaka huo huo, kwamba yeye ndiye ashike kiti. Habari ilipovuja, watu wa kazi wakachukizwa. Wakamwomba John Herschel asimame.

Tuwapime watu hao wawili kwa haki. Duke hakuwa mjinga. Alikuwa na vitabu zaidi ya 50,000 katika nyumba yake, na kati yake Biblia za namna nyingi sana, alijifunza Kiebrania. Tena sisi Wakatoliki tumkumbuke kwa wema: alikuwa upande wa wale waliotaka Wakatoliki wa Uingereza warudishiwe haki zao, jambo lililopata sheria mwaka 1829. (Ni kweli pia kwamba alikuwa mkubwa wa Framasoni wa nchi ile. Binadamu ni mchanganyiko.) Lakini mchunguzi wa maumbile hakuwa. Herschel, kwa upande wake, alikuwa mwana wa William Herschel aliyeivumbua sayari Uranus mwaka 1781, naye mwenyewe alikuwa bingwa wa nyota, wa hesabu na wa kemia. Hakupenda kugombea. Rafiki zake ndio waliomsukuma, na makumi ya wanachama wakatia majina yao chini ya tangazo la kumtaka.

Siku ya Mtakatifu Andrea kura zikahesabiwa. Duke: 119. Herschel: 111.

Jumlisha, msomaji. Ni watu 230. Zaidi ya nusu ya chama hawakuja. Mtu aliyekaa nyumbani kwake siku ile karibu na moto wake, akiwaza kwamba wengine watatosha, alichagua naye. Twaona mambo hayo hata katika vikundi vyetu vya Legio ya Maria, ambapo ndugu hukosa mkutano wa uchaguzi, kisha hunung'unika mwaka mzima juu ya mkubwa.

Walioshindwa walifanya nini? Wengine wakaingia katika chama kipya, British Association, kilichoanza mjini York mwezi wa Septemba 1831. Humo mkubwa alibadilishwa kila mwaka, na mkutano ukahama mji kwa mji, usije ukawa mali ya watu wa London. Hapo pana akili. Herschel naye akapakia darubini yake merikebuni mwezi wa Novemba 1833, akaja Afrika. Karibu na mji wa Cape Town alikaa miaka minne, akiandika nyota za kusini ambazo Ulaya haizioni: mawingu ya nyota zaidi ya 1,700 na nyota pacha zaidi ya 2,100. Kama angalipata kura tano zaidi kutoka kwa wale wa Duke, je, angaliondoka London? Mkubwa wa chama hakai Afrika miaka minne. Sisi twaona kwamba elimu ilipata faida, na Uingereza haikuihesabu faida hiyo siku ile ya kura.

Duke naye aliacha kiti mwaka 1838. Karamu za kuwakaribisha wenye elimu zilikuwa zimemgharimu kuliko alivyoweza. Akafuata bwana mwingine mkubwa, Marquess wa Northampton. Kwa hiyo ungesema shauri la Babbage lilikufa. Lakini watu wa kazi walikuwa wamejifunza kwamba kupigania kiti peke yake ni kazi bure ikiwa mlango umeachwa wazi kwa kila mwenye cheo. Wakaugeukia mlango. Mwaka 1847 sheria ikabadilishwa: tangu hapo wanachama wapya wasizidi 15 kwa mwaka, nao wachaguliwe kwa kazi yao. Wale wazee wasiochunguza kitu wakafa mmoja mmoja, na baada ya miaka ya kutosha chama kikawa cha wachunguzi. Hakuna aliyesherehekea sheria hiyo kama watu wanavyosherehekea ushindi wa mtu. Hata hivyo ndiyo iliyofanya kile ambacho Herschel asingaliweza kufanya peke yake kitini.

Faraday, yule mwana wa mhunzi, aliletewa kiti hicho. Wazee walimwendea na kumsihi. Akakataa. Alitaka abaki Michael Faraday tu, akaogopa kwamba heshima ile ingemharibia akili yake. Wengine walimsifu kwa unyenyekevu. Sisi twamsifu, lakini si bila swali: Newton na Davy wangalikuwa na woga huo, labda wangalikitumia kiti vizuri zaidi, na mwenye woga huo ndiye asiyekubali kukaa.

Katika Kanisa letu mambo yana njia nyingine. Papa Pio XI alipoiunda upya Akademia ya Kipapa ya Elimu mwaka 1936, mkubwa wake aliteuliwa na Papa, na ndivyo ilivyo hata leo. Hakuna kura za kutafuta. Hatusemi kwamba uteuzi waponya tamaa ya moyo. Lakini uliweza kumleta kitini, mwaka 1960, padri mmoja Mbelgiji ambaye wengi wa wasomi wetu wa Lovanium walimjua jina, kwa kuwa Lovanium ilizaliwa na Chuo Kikuu cha Louvain alikofundisha: Georges Lemaître. Ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza kama kutoka kwa chembe moja. Alishika kiti cha Akademia miaka sita, mpaka kufa kwake tarehe 20 Juni 1966. Siku zake za mwisho alikuwa mgonjwa hospitalini. Rafiki akamletea habari kwamba huko Marekani wamesikia kwa chombo chao mnururisho uliobaki wa mwanzo ule wa ulimwengu. Akafurahi sana.